Vijidudu vya Utumbo na Tiba ya Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Crohn: Hoja na Majibu

Ugonjwa wa Crohn ni uvimbe wa kudumu wa njia ya chakula. Unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, ila mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba na katika utumbo mpana. Huacha vipande vizima katikati ya vipande vigonjwa, tena huchimba ukuta wote wa utumbo, si utando wa ndani peke yake. Ndiyo maana baada ya miaka utumbo unaweza kusinyaa na kuziba, au kutoboka na kufanya fistula, yaani njia isiyo ya kawaida kutoka utumboni hadi kiungo kingine au ngozi. Jina lake linatokana na Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932, pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, aliueleza katika makala ya kitabibu. Mtoto huanza na maumivu ya tumbo, kuharisha, kukonda na upungufu wa damu, na ugonjwa humkuta akiwa bado anakua. Asipotibiwa vizuri hudumaa na kuchelewa kubalehe, na muda wa kurudisha urefu uliopotea ni mfupi.

Tiba zilizopo haziufuti ugonjwa, huutuliza. Steroidi hutuliza haraka, lakini hulipisha mwili gharama, ukuaji ukiwamo. Lishe ya kimiminika pekee, yaani mtoto kunywa maziwa maalumu ya lishe kwa wiki 6 hadi 8 bila chakula kingine, ndiyo inayotangulizwa na miongozo ya Ulaya kwa mtoto ambaye ugonjwa wake haujafikia kuziba wala kutoboa utumbo. Kwa walio katika hatari kubwa hutumika mapema dawa za kibiolojia kama infliximab, kingamwili inayozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF. Kila njia kati ya hizi huwasaidia wengine ikawashinda wengine, hata kama watoto wenyewe wana umri mmoja na picha moja ya endoskopi. Tofauti hiyo ndiyo imewasukuma watafiti kutazama matrilioni ya bakteria, kuvu na virusi wanaoishi utumboni.

Hoja iliyo mezani ni hii: vijidudu vya utumbo vipimwe, na vipimo hivyo viongoze uchaguzi wa tiba ya mtoto mwenye ugonjwa wa Crohn. Msemaji anayeiunga mkono anaitwa hapa Mtetezi; anayeipinga anaitwa Mpinzani.

Mtetezi: Bila vijidudu, uvimbe wa aina hii hauwaki. Panya walioondolewa jeni ya IL-10, ambayo kazi yake ni kutuliza kinga, huvimba utumbo mpana; wakilelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu hata kimoja, hawavimbi. Kwa binadamu, madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 1991 kwamba ugonjwa haukurudi mahali palipounganishwa baada ya upasuaji maadamu kinyesi kilikuwa kimechepushwa kisipite hapo. Njia ilipofunguliwa tena, ugonjwa ulirudi. Nayo jeni ya kwanza kuhusishwa na Crohn, NOD2, iliyotambuliwa mwaka 2001, ni ya kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Panya, upasuaji na jeni vyote vinaelekeza kwenye kitu kimoja.

Kwa watoto hasa, ushahidi mkubwa umetoka katika mradi wa RISK wa Marekani na Kanada, ulioandikisha watoto mara tu walipogunduliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalilinganisha watoto 447 wenye Crohn na 221 wasio nayo, sampuli zikiwa zimechukuliwa kabla ya tiba kuanza. Kwa wagonjwa, jamii za Enterobacteriaceae, Pasteurellaceae, Veillonellaceae na Fusobacteriaceae zilikuwa zimeongezeka, na zile za Bacteroidales na Clostridiales zimepungua. Kwa kuwa tiba ilikuwa haijaanza, mabadiliko hayo hayawezi kusingiziwa dawa za Crohn.

Mpinzani: Kwamba vijidudu vinashiriki ugonjwa halina ubishi. Linalobishaniwa ni kama vinaweza kumwambia daktari ampe mtoto huyu dawa ipi. Utafiti huohuo wa RISK unatoa sababu mbili za kusita. Kwanza, dalili zilionekana wazi zaidi katika vinyama vilivyokatwa kwenye ukuta wa utumbo, hata vya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kuliko katika choo. Kipimo chepesi ambacho mzazi angeweza kupeleka maabara kila mwezi ndicho kilichokuwa dhaifu. Pili, watoto waliokuwa wametumia antibiotiki walionekana kuvurugika zaidi. Mtoto anayeumwa tumbo kwa miezi kadhaa hupewa antibiotiki mara nyingi kabla ya kugunduliwa, hivyo kinachopimwa siku ya kwanza ni ugonjwa pamoja na historia ya dawa.

Zaidi ya hayo, orodha ya bakteria wema na waovu haikai sawa kutoka utafiti hadi utafiti. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba watu wazima waliokuwa na Faecalibacterium prausnitzii wachache katika utumbo uliokatwa walirudiwa na ugonjwa zaidi katika miezi 6, na bakteria huyo akapata sifa ya kuwa mlinzi. Mwaka 2012 utafiti wa Uskoti kwa watoto waliogunduliwa upya ukamkuta bakteria huyohuyo akiwa ameongezeka kwa wenye Crohn. Kama mlinzi anaweza kuwa mwingi ugonjwa unapoanza na mchache unapokomaa, idadi yake peke yake haitoshi kuamua chochote.

Mtetezi: Tofauti hiyo haivunji hoja, inaipa mipaka: umri wa mgonjwa, hatua ya ugonjwa na mahali sampuli ilipochukuliwa lazima vitajwe kila mara. Ushahidi wa nguvu zaidi hauko katika orodha ya majina, uko katika lishe. Maziwa ya lishe hayana kemikali ya kuzima kinga kama steroidi, lakini hushindana nazo. Katika jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2006, watoto 37 waligawanywa kwa nasibu, nusu lishe ya kimiminika, nusu steroidi. Baada ya wiki 10 utando wa utumbo ulikuwa umepona kwa asilimia 74 ya kundi la lishe na asilimia 33 ya kundi la steroidi. Kinachobadilika haraka mtu anapobadili chakula ni kile wanachokula bakteria, na kwa hiyo bakteria wenyewe. Tiba hii inafaa kuitwa tiba ya vijidudu inayopitia mdomoni.

Mpinzani: Maelezo hayo yangependeza kama bakteria wangebadilika kuelekea afya. Watafiti wa Glasgow waliofuatilia watoto wakati wa lishe hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2014 na 2015 walikuta kinyume. Watoto walikuwa wakipata nafuu, huku aina za bakteria zikizidi kupungua, F. prausnitzii akishuka, na butireti, asidi ambayo seli za utumbo mpana huitumia kama chakula chao, ikishuka pia. Kwa kipimo chochote cha kawaida, jamii ya vijidudu ilikwenda mbali zaidi na ile ya watoto wenye afya. Waliporudi kwenye chakula cha kawaida, bakteria nao walirudi karibu na hali ya mwanzo. Daktari ambaye angeongozwa na kipimo cha choo katika wiki ya nne angeona jamii inayoporomoka na kusimamisha tiba inayofanya kazi.

Mtetezi: Matokeo ya Glasgow ni ya kweli na ni muhimu, lakini yanakanusha wazo moja tu, kwamba tiba nzuri lazima irudishe wingi wa aina za bakteria. Maziwa ya lishe kwa kawaida hayana nyuzinyuzi za kutosha, na bakteria wanaotengeneza butireti huishi kwa nyuzinyuzi. Wakipungua si ajabu. Inawezekana kabisa kwamba faida inatokana na kuwanyima chakula bakteria wachokozi, hata kama wapole nao wanalala njaa kwa muda.

Jaribio la Israel na Kanada lililochapishwa mwaka 2019 linaelekea huko. Kundi moja lilipewa lishe ya kimiminika pekee kwa wiki 6, kisha likarudi taratibu kwenye chakula cha kawaida likiendelea na sehemu ndogo ya maziwa. Kundi jingine lilipewa nusu maziwa na nusu chakula kilichochaguliwa: kuku, mayai, viazi, ndizi, tufaha na vingine vichache, bila ngano, maziwa ya ng'ombe, nyama za kusindikwa wala vyakula vya pakiti vyenye kemikali za kuchanganyishia mafuta na maji. Wiki ya 6 makundi yalikaribiana. Wiki ya 12, asilimia 76 ya waliochaguliwa chakula walikuwa wametulia bila steroidi, dhidi ya asilimia 45 ya wenzao. Katika choo, bakteria wa kundi la Proteobacteria, ambao Enterobacteriaceae ni sehemu yao, walibaki chini kwa waliokuwa na chakula cha kuchaguliwa, na walipanda tena kwa waliorudi kwenye chakula cha kawaida. Vijidudu na ugonjwa vilikwenda pamoja.

Mpinzani: Kwenda pamoja hakusemi kilichotangulia. Ukuta wa utumbo uliovimba huvujisha oksijeni na nitreti, na hizo ni neema kwa Enterobacteriaceae, ambao wanaweza kuzitumia kupumua, huku bakteria wasiostahimili oksijeni wakidhurika. Uvimbe peke yake, bila msaada, unaweza kuzalisha picha yote iliyoelezwa na RISK. Ukipungua kwa sababu yoyote ile, picha hubadilika. Utafiti wa mwaka 2015 uliofanywa Philadelphia, Toronto na Halifax, kwa watoto 90 walioanza ama lishe ama dawa ya kuzuia TNF, ulitenganisha mambo haya: uvimbe, antibiotiki na aina ya tiba, kila kimoja kilihusishwa na jamii ya bakteria kwa njia yake. Uvimbe ulipopungua, mvurugiko ulipungua, antibiotiki ziliuongeza, lishe ilileta mabadiliko yake ya haraka yasiyofanana na hayo mengine. Matokeo ya namna hiyo yanaonyesha vijidudu vikiandika kumbukumbu ya yanayotokea utumboni. Kumbukumbu si usukani.

Kikundi hichohicho cha watoto kinatoa somo la pili. Waliotumia lishe pekee na waliotumia dawa walijisikia nafuu kwa viwango vinavyokaribiana, asilimia 88 na 84. Lakini kalprotektini, protini ya chembe nyeupe za damu inayopimwa kwenye choo kuonyesha uvimbe, ilishuka hadi mikrogramu 250 kwa gramu ya choo au chini yake kwa asilimia 45 ya waliokuwa na lishe pekee, asilimia 62 ya waliokuwa na dawa, na asilimia 14 tu ya waliochanganya maziwa na chakula chochote walichotaka. Kipimo hiki cha bei nafuu kilitofautisha kujisikia vizuri na kupona, bila kuhitaji kujua jina la bakteria hata mmoja.

Mtetezi: Kalprotektini husema ugonjwa uko katika hali gani leo. Swali la mzazi siku ya kwanza ni tiba ipi itafaulu kesho, na hapo dalili inaweza kuwa na thamani hata kama si chanzo. Dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hutayarisha jembe bila kujua upepo gani umeyasukuma. Utafiti wa Helsinki wa mwaka 2015 uliona kwamba watoto walioitikia dawa ya kuzuia TNF walikuwa na aina za bakteria zinazoongezeka kuelekea hali ya afya, na kwamba baadhi ya makundi ya bakteria kabla ya tiba yalitabiri mwitikio. Halifax, Kanada, watafiti walitumia bakteria wa kabla ya lishe ya kimiminika kukadiria nani ugonjwa ungebaki umetulia na nani ungemrudia. Na RISK ilipofuatilia watoto 913 kwa miaka mitatu, ripoti ya mwaka 2017 ilihusisha bakteria wa Ruminococcus na kusinyaa kwa utumbo, na Veillonella na kutoboka kwake.

Mpinzani: Ripoti hiyo ya 2017 isomwe hadi mwisho. Mfumo wake wa kukadiria hatari ulijengwa juu ya umri, mahali ugonjwa ulipo, asili ya mtoto, jeni zinazofanya kazi katika ukuta wa utumbo, na kingamwili zilizo katika damu. Kingamwili hizo ni za kupambana na hamira na mkia wa bakteria, kwa hiyo vijidudu vimo, lakini kupitia jinsi mwili unavyovichukia. Hesabu ya bakteria wenyewe haikuwa msingi wa mfumo huo. Kuhusu Halifax na Helsinki, watoto walikuwa makumi machache. Bakteria wanaopimwa ni mamia. Ukiwa na vipimo vingi kuliko wagonjwa, kompyuta itapata mchanganyiko unaotenganisha makundi mawili hata pasipokuwa na ukweli wowote. Dawa ya tatizo hilo ni kujaribu kanuni ileile kwa watoto wa hospitali nyingine, katika nchi nyingine, kabla ya kuiamini.

Tena kuna sababu zinazoeleweka vizuri zaidi za dawa kushindwa. Jaribio la infliximab kwa watoto 112, lililochapishwa mwaka 2007, lilionyesha asilimia 88 wakiitikia kufikia wiki ya 10. Kati ya walioitikia na kuendelea na dozi kila wiki 8, asilimia 56 ndio waliokuwa wametulia wiki ya 54. Waliopotea katikati, wengi wao huelezwa na kiwango kidogo cha dawa katika damu na kingamwili ambazo mwili hutengeneza kuipinga. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba wenye aina moja ya jeni, HLA-DQA1*05, hutengeneza kingamwili hizo kwa urahisi zaidi. Kiwango cha dawa hupimika, na kikiwa chini dozi huongezwa. Ni kipi kati ya vipimo vya bakteria kinachompa daktari hatua iliyo wazi kama hiyo?

Mtetezi: Hatua zipo, ila ziko katika majaribio. Kama vijidudu vinachangia, kuvishambulia moja kwa moja kunapaswa kusaidia, na kumesaidia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watoto waliopewa azithromycin pamoja na metronidazole kwa wiki 8 walitulia kwa asilimia 66, na waliopewa metronidazole peke yake kwa asilimia 39. Upandikizaji wa kinyesi kutoka kwa mtu mwenye afya nao ulijaribiwa Seattle mwaka 2015 kwa watoto 9 kupitia mpira wa puani. Wiki ya pili 7 walikuwa wametulia, na wiki ya 12 walikuwa 5.

Mpinzani: Watoto 9 bila kundi la kulinganisha ni mwanzo wa swali, si jibu, hasa kwa ugonjwa ambao hupanda na kushuka wenyewe. Upandikizaji nao una hatari yake: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa mtu mzima aliyeambukizwa E. coli sugu kupitia kinyesi cha mfadhili. Jaribio la antibiotiki lina uzito zaidi, lakini linaamsha mkanganyiko uliokwisha kutajwa: antibiotiki huongeza mvurugiko wa jamii ya bakteria, na hapa zimetuliza ugonjwa. Ni lishe ya Glasgow kwa sura nyingine. Mara mbili sasa tiba iliyofaulu imeifanya jamii ya vijidudu ionekane mbaya zaidi kwa kipimo cha wingi wa aina.

Mtetezi: Basi kipimo cha wingi wa aina ndicho kibovu, si wazo la vijidudu. Bakteria wawili wa jina moja wanaweza kutofautiana kabisa kwa kazi. Ufaransa, huko Clermont-Ferrand, ilitambuliwa aina ya E. coli inayoshikamana na seli za utumbo, kuziingia na kuishi ndani ya chembe za kinga. Mwaka 2004 aina hiyo iliripotiwa kupatikana katika utando wa mwisho wa utumbo mwembamba kwa takriban asilimia 22 ya wagonjwa wa Crohn, na asilimia 6 ya wasio wagonjwa. Kipimo kinachohesabu E. coli wote pamoja hakiwezi kuiona. Utafiti unaofaa ni ule unaouliza bakteria wanafanya nini, wanatengeneza asidi gani, wako kwenye choo au wameng'ang'ania ukutani.

Mpinzani: Na ni bakteria wa watoto gani? Karibu kila takwimu iliyotajwa hapa imetoka Ulaya, Israel na Amerika Kaskazini. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wana bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Wana Treponema kwa wingi, na watu wazima wao hawana Bifidobacterium, ambayo kwingine husifiwa kuwa dalili ya utumbo mzuri. Mstari wa afya uliochorwa kwa watoto wa Toronto ungewaita Wahadza wagonjwa. Afrika Mashariki, ambako Crohn hugunduliwa mara chache na kifua kikuu cha utumbo hufanana nayo sana, kanuni ya kubahatisha tiba kwa bakteria wa Kanada ingeweza kumdhuru mtoto, kwa sababu kumpa infliximab mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa ni hatari kubwa.

Mtetezi: Hilo linakubalika. Linadai viwango vya kila eneo, na mtoto kulinganishwa na yeye mwenyewe wa kabla ya tiba badala ya kulinganishwa na wastani wa watu wengine.

Hapo pande mbili zinakutana katika mambo manne. Vijidudu ni sehemu ya ugonjwa, si watazamaji tu. Tiba hubadilisha vijidudu, na mabadiliko hayo hutegemea tiba ni ipi, hivyo hakuna picha moja ya bakteria inayoweza kuitwa ya kupona kwa tiba zote. Wingi wa aina za bakteria si kipimo cha mafanikio, kwa kuwa lishe ya kimiminika imeupunguza huku ikituliza ugonjwa. Na sampuli ya choo na kinyama cha ukutani hutoa habari tofauti zisizoweza kubadilishana nafasi.

Kinachobaki kutenganisha pande hizo kinaweza kuamuliwa na jaribio la aina moja tu. Watoto wapya wapimwe bakteria kabla ya tiba yoyote, matumizi ya antibiotiki yaandikwe, kisha wagawanywe kwa nasibu: nusu wachaguliwe tiba kwa kuongozwa na bakteria, nusu kwa utaratibu wa kawaida. Baada ya mwaka, upimwe utando wa utumbo na ukuaji, si hisia za nafuu pekee. Kundi la bakteria likishinda, hoja imepita. Lisiposhinda, vipimo hivyo vibaki chombo cha utafiti.

Mpaka jaribio hilo lifanyike, tiba ya mtoto mwenye Crohn huamuliwa na mahali ugonjwa ulipo kwa endoskopi na picha za MRI, uzito na urefu wake, kalprotektini, na kwa anayetumia dawa za kibiolojia, kiwango cha dawa katika damu. Ripoti ya bakteria wa choo inayouzwa na maabara binafsi si sababu ya kumwachisha mtoto dawa inayomfaa, wala ya kumwekea mlo mkali usiosimamiwa na mtaalamu wa lishe. Lishe, ambayo ni tiba iliyothibitishwa na inayogusa vijidudu moja kwa moja, inaweza kuchaguliwa leo kwa sababu ya matokeo yake kwa watoto, hata kama namna inavyofanya kazi bado inabishaniwa.